Mji Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Nikiwa na miaka minane hivi, au tisa kwa hesabu ya mama, ambaye alihesabu kwa njaa na si kwa kalenda, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Mzee Ntandu aliwahi kuumaliza mji mzima kwa kuupiga picha. Si nyumba moja, si mtaa. Mji, pamoja na soko lake, daraja lake na mbwa wake. Aliupiga picha, ukanywea, ukaanguka, na mabaki yake akayatia kwenye mkebe wa biskuti aliouweka chini ya kitanda. Ukitega sikio kwenye mfuniko mchana, watu wakiwa shambani, ulisikia majogoo wa huko wakiwika. Nilitega. Niliwasikia. Na kama kuna mtu ataniambia leo kwamba nilisikia majogoo wa Mzee Ntandu mwenyewe, ambao walikuwa kumi na wawili na wote wakilala nyuma ya dirisha lake, nitamjibu kwamba siku zile nilikuwa na masikio mazuri kuliko haya, na nilijua kabisa kutofautisha jogoo wa Singida na jogoo wa ugenini.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi mjukuu wangu alisimama uani na simu yake, akarudi nyuma hatua mbili ili nyumba yote iingie, nami nikajikuta nimepiga kelele: "Ngoja kwanza!"

"Nini babu? Nguo zimeanikwa?"

"Ndiyo, nguo," nikasema. Akacheka, akapiga, akaendelea na mambo yake. Mimi nikabaki nimeshika ukuta wa nyumba yangu ya tofali za kuchoma kama mtu anayemzuia ng'ombe asitoke zizini. Umri huu! Mhitimu wa shule ya jioni, mwenye cheti chenye muhuri! Nikaona bora niandike, maana wenzangu wa rika langu watanielewa. Watoto wa siku hizi hata wakipiga picha mia kwa siku hawana wanachokiogopa.

Kwetu kulikuwa upande wa Mandewa, wakati huo Mandewa ikiwa bado mashamba ya uwele, mbuzi, na yale mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama yamesahauliwa na mtu aliyekuwa anajenga. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ndefu, imejiinamia chini kuukwepa upepo, paa lake bapa limejazwa udongo, na ukuta mnene kiasi kwamba mgeni akipiga hodi asubuhi, sauti yake ilifika ndani mchana. Ndani kulikuwa na giza zuri lenye harufu ya moshi, maziwa na ndama. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hasa. Baba alidhani ni yeye. Kila baada ya mvua Bibi alikanda udongo na samadi akaupaka ukuta kwa viganja vyake, hivi kwamba ukiukaribia uliona alama za viganja vyake zimepangana kama magamba ya samaki. Mimi aliniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao, na kila nilipochelewa kurudi na mbuzi alinitishia talaka.

Bibi ndiye aliyekuwa akinituma kwa Mzee Ntandu kupeleka kibuyu cha maziwa. Mzee huyu alikuwa jirani yetu wa tatu, hana mke tena, ana kuku wengi na mizinga ya nyuki. Ujana wake alichukuliwa na Waingereza kwenda vita vya Bama, ile Burma ya mbali huko Asia, akarudi na mambo mawili: tabia ya kukagua kucha za kila mtoto aliyeingia uani kwake, na ule mkebe. Kucha zikiwa safi, ulioneshwa yaliyomo. Zangu hazikuwahi kuwa safi, lakini siku moja nilizilamba njiani zote kumi, nikapita.

Aliufungua mkebe juu ya magoti yake. Humo mlikuwa na kadi za posta, kama thelathini, nyingine zimeungua pembeni. Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Zilikuwa zimetiwa rangi, mbingu ya samawati, maji ya kijani, na watu waliovaa vitambaa vya waridi hadi kwenye kifundo cha mguu. Kulikuwa na soko lenye miavuli mikubwa. Kulikuwa na nyumba ya ibada iliyochongoka kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa juu chini, inang'aa. Kulikuwa na mtaa wenye maduka yenye vibao, na kwenye ngazi za duka moja amekaa mvulana wa umri wangu na mbwa, anamtazama mpiga picha kwa jicho la kutaka kujua huyu anataka nini.

"Huyu anaitwa nani?" nikauliza.

"Sijui."

"Yuko wapi sasa?"

"Hayupo."

"Na hili duka?"

"Halipo. Hakuna hata nyumba moja uionayo hapa iliyosimama. Soko halipo, daraja halipo. Zote zilikwisha." Akazichukua kadi mkononi mwangu moja moja, akazirudisha, akafunika. "Msalimie bibi yako. Mwambie maziwa ya leo ameyatia maji, lakini namsamehe kwa sababu ni mzuri."

Nikaenda mbio hadi kwa Mariamu. Mariamu alikuwa binti wa baba mkubwa, amenizidi miaka miwili, na kabla ya redio kufika kwetu yeye ndiye aliyekuwa redio. Nikamweleza: picha thelathini, na kila kilichopigwa picha kimekwisha. Akasimama na mtungi wake kichwani, akafikiri, tone la maji halikumwagika.

"Zote?" akauliza.

"Zote. Kasema mwenyewe."

"Hakuna hata nyumba moja iliyopigwa picha ikabaki?"

"Hakuna."

"Basi si unaona?" Mariamu alisema. "Picha ndizo zilizozimaliza. Picha inachukua kile cha ndani. Nyumba inabaki ganda, upepo ukija, chini." Kisha akaongeza habari ya majogoo, kwa kuwa Mariamu hakuweza kukuachia habari ikiwa na mguu mmoja.

Ninyi mliokuwapo mnakumbuka tulivyokuwa siku zile. Tulikuwa tumepata nchi juzi tu na tuliishika kama mtu aliyeshika yai barabarani. Tuliambiwa tuwe macho, nasi tukawa macho hadi yakauma. Mgeni akipita na begi, balozi wa nyumba kumi aliulizia begi kabla hajaulizia mgeni. Kule Mwankoko walimkamata mtu mzima na miwani yake kwa sababu aliandika kitu kwenye daftari akitazama ziwa. Kumbe ni karani wa pamba, kapotea njia. Katika hewa ya namna hiyo, mzee mwenye mkebe wa mji uliokufa hakuwa jambo dogo. Nikaanza kumchunguza. Nilihesabu mara anazokwenda mjini. Nilinusa moshi wake. Niligundua kwamba anaongea na kuku kwa lugha isiyo Kiswahili wala Kinyaturu, na kwa siku tatu sikula mayai.

Halafu siku moja akaja kutoka mjini na Rashidi fundi picha.

Rashidi alikuwa wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, kijana mwembamba mwenye kofia ya kufuma na baiskeli iliyobeba sanduku nyuma. Mzee Ntandu alimlipa kwa debe la asali na majogoo wawili. Tuliona kwa macho yetu majogoo wakifungwa kwenye usukani. Walipita nyumba hadi nyumba. Mzee anabisha hodi, anasalimiana, anasema, "Nataka huyu kijana aipige picha nyumba yenu. Simameni mlangoni."

"Ya kazi gani?" watu walimuuliza.

"Ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini, Ntandu? Nyumba si hii hapa tunaiona?"

"Ndiyo, mnaiona," alisema. "Simameni."

Wengine walisimama kwa kuwa ilikuwa bure. Mzee Hema, jirani yetu wa kilima cha pili, alivaa koti na kumtoa nje hata ng'ombe wake dume. Bibi alikubali pia, kwa sharti kwamba kwanza apake ukuta upya. Rashidi alimngoja saa nzima akiwafukuza nzi. Mimi nilimvuta Bibi kanga.

"Bibi, usisimame."

"Kwa nini, mume wangu? Unaona wivu?"

"Nyumba itaanguka."

"Nyumba hii?" Akaupiga ukuta kofi, pu! "Nyumba hii imemshinda babu yako, itashindwa na sanduku la huyu mtoto?" Akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, mikono yake bado ina udongo. Rashidi akamwambia asicheke. Hakucheka, lakini alibana midomo kwa namna ambayo kila aliyemjua angejua kuwa anacheka.

Sasa sikilizeni. Wiki tatu hazikutimia, ikanyesha mvua ya siku mbili, na paa la Mzee Hema likaingia ndani. Hakuumia mtu, ila koti lile na debe la mtama. Watu wazima walisema Hema ni mvivu, hakulijazia paa lake udongo tangu mwaka juzi, na boriti zilishaliwa na mchwa. Mariamu aliniangalia tu toka upande wa pili wa uwanja, akainua nyusi. Zile nyusi zilinimaliza.

Siku iliyofuata nilipeleka maziwa. Rashidi alikuwa ameshaleta bahasha ya picha kutoka mjini, na Mzee Ntandu alikuwa ameitia kwenye mkebe uleule, juu ya ule mji. Nilifika akiwa nyuma anakinga mzinga kwa majani. Nikapiga magoti, nikavuta mkebe, nikaufungua. Zilikuwepo picha za karatasi, na pamoja nazo vile vipande vyeusi vya filamu. Kile kipande cha Bibi nilikiinua kwenye mwanga wa mlango.

Mbingu ilikuwa nyeusi. Saa ya mchana, mbingu nyeusi! Ukuta wetu ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Na mlangoni alisimama mtu mwenye uso mweupe pe, macho meupe, mikono myeupe, kanga yake nyeupe imekuwa nyeusi. Alikuwa Bibi, lakini Bibi akiwa ameshakufa, mbele ya nyumba iliyokwisha kuungua. Sikujua kwamba filamu ndivyo ilivyo, inageuza cheupe kuwa cheusi na cheusi kuwa cheupe. Nani angeniambia? Nilijua nilichokiona: kazi imeshaanza, ndani ya mkebe tumeshakuwa maiti, imebaki tu huku nje kutimia.

Niliingiza bahasha yote ndani ya shati. Zile kadi za posta nikaziacha. Nilizitazama, nikafikiri vizuri kabisa kama hakimu, nikaona ule mji umekwisha kufa, hauna cha kuokolewa.

Nilikwenda nazo machungani siku ileile, hadi kwenye mawe, na kaa la moto kwenye kigae. Filamu zilijikunja, zikatoa moshi mchungu wenye harufu ya kwato iliyoungua. Nikatia picha za nyumba moja baada ya nyingine. Ya Bibi ilikuwa ya mwisho. Kwenye karatasi hakuwa maiti. Alikuwa Bibi mwenyewe, na midomo yake ileile iliyobana kicheko, na hata udongo wa mikononi ulionekana. Niliishika muda mrefu kuliko zote. Nilijua kuwa nikiihurumia nitamuua. Nikaitia.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mkuu wa majeshi. Kwa miezi minne hakuna nyumba iliyoanguka, na kila asubuhi nilipoamka nikaona boriti ziko juu, niliona kwamba Mandewa yote inaishi kwa hisani yangu. Nilikaribia kuwatangazia. Nilichohofia ni Baba, ambaye hakupenda mtu achukue cha mwenzake hata kikiwa cha kichawi.

Kisha ukafanyika mkutano, watu wazima tu, na waliporudi walisema tumeamriwa kuhama. Bibi aliketi nje akitazama ukuta. Kiangazi hicho tulihamia kijiji kipya, huko chini ambako nyumba zilipangwa mistari kama askari, na shule, na bomba ambalo lingekuja. Wenzangu mnajua. Watu walipanda juu ya mapaa yao, wakashusha udongo, wakang'oa boriti ili wakazitumie tena, maana boriti nzuri haitupwi. Nilirudi na mbuzi jioni moja nikakuta hatuna paa. Ukuta umesimama, na ndani ya chumba cha Bibi jua linaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia tangu dunia kuumbwa. Siku tano baadaye kilima chote kilikuwa mashimo.

Nilijua sababu: nilichelewa kuchoma.

Watu wazima nao walikuwa na hesabu yao, na haikuwa na akili kuliko yangu. "Alijuaje?" walianza kuulizana kwenye foleni ya maji. "Ntandu alijuaje? Kaleta mpiga picha miezi kabla ya sisi kuambiwa. Nyumba zote kapiga, moja moja, kama anazihesabu. Alikuwa anampelekea nani?" Mwingine akasema ana picha za nchi za nje, amezificha. Mwingine akasema vita alikwenda, lakini kurudi alirudi upande gani? Kufika mavuno, Mzee Ntandu alikuwa ameshakuwa mpelelezi wa mataifa matatu ambayo hayasalimiani.

Bibi hakuipenda nyumba mpya. Aliupaka ukuta wake mara moja, akasema huu si ukuta, hili ni jani. Kipupwe cha kwanza alianza kukohoa, na hakumaliza wiki mbili. Baada ya arobaini, Baba akakumbuka ile picha. Hakukuwa na nyingine. Bibi maisha yake yote alipigwa picha ile moja tu. Baba akavaa shati safi, akanichukua, tukaenda nyumba ya mwisho ya mstari wa nne.

"Shikamoo, Mzee Ntandu."

"Marahaba. Poleni sana. Karibuni."

"Nimefuata ile picha ya mama."

Mzee alinyanyuka haraka, akatoa mkebe, na usoni alikuwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye amebishiwa hodi aliyoingoja. Akatoa kadi zote, akazitandika kitandani. Soko, daraja, mvulana na mbwa wake. Akageuza mkebe, akaupiga kofi. Akarudia kadi upya, moja moja.

"Ilikuwa humu," alisema. "Zote zilikuwa humu."

"Zilikuwa humu, sasa zimekwenda wapi? Zimeota miguu?"

"Sijui, mwanangu."

"Za wageni zipo zote, ya mama yangu tu ndiyo haipo." Baba aliongea polepole. "Uliwapa akina nani? Niambie tu. Niambie ili nikaiombe."

"Sikumpa mtu."

Baba akasimama, akatoka bila kuaga. Nilibaki mlangoni kidogo. Mzee Ntandu alikuwa ameinama chini ya kitanda, anapapasa sakafu kwa mikono yote miwili. Nilijua zilikokwenda. Nikamkimbilia Baba.

Kuanzia siku hiyo Baba hakumpa tena shikamoo, na Baba alipoacha, kijiji kikaacha. Ninyi mnajua kwetu jambo hilo lina uzito gani. Mzee wa umri ule anapita njiani, vijana wanatazama miti. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Walimnyamazia tu, asali yake ikakosa wa kuila. Sisi watoto hatukuwa na adabu hata ya kunyamaza, tulimfuata tukizomea, "Mpelelezi! Mpelelezi wa Bama!" Aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote, nikiri leo, ni mimi. Mtu mwenye siri huwa na kifua kipana. Nilikuwa nimeshaanza kushuku kuwa Mariamu alinidanganya, lakini kushuku huko kulinitisha kuliko ile imani yenyewe, kwa sababu kama picha haiui nyumba, basi mimi nilifanya nini?

Ikapita miaka. Shule niliikimbia darasa la nne, nikachunga, na nilipofika miaka kumi na minne nikajiona mjinga mwenye ndevu tatu. Ndipo ikaja elimu ya watu wazima. Tulisoma jioni, jua likianza kulegea, ndani ya ghala la kijiji, tumekalia magunia, kina baba na kina mama na sisi wakimbizi wa darasani. Mwalimu alikuwa binti wa mjini, dada yake Rashidi fundi picha, na aliwafundisha wazee wa miaka sitini kwa fimbo ya sauti tu. Baba alikuwa mwanafunzi, anaandika herufi a kubwa kama kiriba. Mzee Ntandu alikuwa mwanafunzi pia, kwenye gunia lake peke yake, na pande zote mbili nafasi.

Jioni moja Mwalimu alisema kila mtu alete kitu chochote cha nyumbani chenye maandishi. Zililetwa karatasi za sabuni, pakiti za majani ya chai, Biblia mbili, juzuu moja, na mama mmoja alileta mfuko wa mbolea mzima ukiwa na mbolea. Mzee Ntandu alileta kadi moja ya posta. Ile ya mvulana na mbwa.

"Nataka kujua jina la mji," alisema. "Miaka yote ninao, jina silijui."

Mwalimu akaigeuza, akasoma jina lenye herufi nyingi ambalo sitajaribu kulitamka hapa nisije nikaudhi watu wa huko. Chini yake kulikuwa na maneno machache ya Kiingereza, akayatafsiri: barabara ya soko, asubuhi.

"Asubuhi," Mzee Ntandu akarudia.

Baba akaweka kalamu chini. "Mwalimu, samahani. Huyu mzee picha za wageni anazitunza hadi leo. Muulize ya mama yangu aliiuza wapi."

Mwalimu hakujua habari, akatazama huku na huku. Mzee Ntandu hakugeuka. Alinyoosha mkono kuipokea kadi yake, na mbele yangu mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Unaona? Hageuki."

Nikasimama. Sikujua kama nimesimama hadi nilipoona watu wote wako chini yangu.

"Hakuiuza," nilisema. "Niliichoma mimi."

"Ulichoma nini?" Baba aliuliza.

"Zote. Ya Bibi, na za nyumba zote. Niliziiba kwenye mkebe siku ya maziwa, nikazichoma machungani."

"Wewe?" Baba alinyanyuka nusu. "Na siku ile tumekwenda pale, umesimama mlangoni, unanitazama?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

Nilijibu nikitazama chini, kwa sauti ambayo ilikuwa ya miaka minane. "Ili nyumba isianguke. Ule mji wake uliisha kwa sababu ya picha. Mzee Hema alipigwa, paa likaanguka. Niliona filamu, Bibi alikuwa ameshakuwa maiti. Nilitaka kuwaokoa."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Baba alibaki ameinama vile, si amekaa, si amesimama. Kisha akavuka magunia hadi kwenye lile gunia la peke yake, akasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo," akasema. Akarudia ili ghala lote lisikie. "Shikamoo, Mzee Ntandu."

"Marahaba," alijibu. Alimshika Baba mkono, akaushikilia kidogo, akauachia. Halafu akageuka na gunia lake, akanitazama mimi. Nilingojea matusi. Nilikuwa nimestahili matusi ya wilaya nzima.

"Njoo hapa," alisema. Nikaenda. "Picha haiangushi nyumba. Ule mji tuliuangusha sisi, kwa mizinga, siku nne, na mimi nilikuwa nabeba makombora. Hizi kadi niliziokota kwenye duka lililobaki na rafu moja. Bwana ardhi alipokuja kupima viwanja vya kijiji hiki alilala kwangu, nikajua na kwetu kutakwisha, na sisi hakuna duka lililowahi kuuza kadi zetu. Ndiyo maana nikamwita Rashidi. Nyumba yenu aliibomoa baba yako, na mimi nilikuwa chini nampokea boriti. Ile picha haikuwa na kazi nyingine yoyote, mjukuu wangu. Ilikuwa ya kukubakizia bibi yako."